Nani Aiuaye Kofia ya Viua?

Ni mara ngapi katika matamasha ya utamaduni mgeni rasmi amevishwa kofia jukwaani, wapiga picha wakasogea, na mshairi akasimama kulisifu vazi la mababu? Laiti angetokea mtu mwenye ujasiri akaivua kofia ile na kuigeuza ndani! Mara nyingi angekuta kitambaa kigumu cha kukazia kilichogandishwa nyuma, na uzi uliokwenda safu baada ya safu bila kupumua. Kofia hiyo ilitariziwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, ng'ambo ya bahari, ikanunuliwa dukani asubuhi ya sherehe. Mwenye kuijua kazi ya mkono yumo nyumbani mwake, mtaa wa pili, wala hakualikwa.

Husemwa kwamba mashine ndiyo iliyoiua kofia ya viua. Maneno haya ni mepesi, na wepesi wake ndio unaoyapendeza, kwani hayamgusi msemaji. Mashine haina mfuko wa kununulia wala ulimi wa kupunguzia bei. Muuaji atafutwe kwengineko, na asitafutwe mbali sana na vichwa vinavyoivaa.

Itazamwe kwanza kazi yenyewe, maana wengi wa wanaoisifu hawajapata kuiangalia. Kofia ni vipande viwili: duara la juu na ukanda wa ubavuni, kila kimoja cha kitambaa cheupe cha pamba kilichofanywa tabaka mbili. Nakshi huchorwa, tabaka zikashikanishwa kwa mishono midogo, na ndani ya baadhi ya njia hupitishwa uzi ili mchoro uinuke juu ya uso wa nguo. Ndipo huja viua. Kitambaa hutobolewa, kisha ukingo wa tundu huzungushiwa uzi, mshono ukilala ubavuni mwa mwenziwe, mpaka duara likaze na kubaki wazi. Ni matundu kwa mamia, na si ya urembo mtupu: humo hupita upepo, na katika joto la kaskazi kichwa hulijua hilo kabla ya jicho. Kofia nyingi za kiwandani huwa na duara la uzi huku kitambaa cha katikati kikiwa kizima. Hicho ni kiua kipofu.

Wapenzi wa ushairi wangepaswa kuwa wa kwanza kukasirika. Shairi la mizani kumi na sita likipungukiwa na moja katika mshororo mmoja, barazani hapakaliki. Mtunzi huitwa mwanagenzi, na wazee hukumbushana nani alimfundisha. Mshonaji naye ana hesabu yake. Nakshi inayouzunguka ukanda lazima irudi ilikoanzia na kukutana sawasawa. Akikosea nafasi ya viua viwili, mwisho hauungani na mwanzo, na kazi ya siku nyingi hufumuliwa. Hao wanaolia kwa mizani moja huivaa nakshi isiyohesabiwa na mtu yeyote, na wakaketi nayo kuhukumu tungo za wenzao.

Wapo watakaojibu kwamba kofia ya mashine humsitiri maskini siku ya Idi, na sala haimuulizi mtu kofia yake imeshonwa na nani. Hoja hii ni ya haki na ikubaliwe yote. Mwenye mtoto wa watu sita na mshahara mmoja anunue ya kiwandani bila ya kulaumiwa. Ugomvi uko na mfanyabiashara anayeiweka kofia hiyo mezani na kumwambia mgeni kuwa ni kazi ya mkono wa wanawake wa kisiwani. Uko zaidi na mwenye uwezo, mwenye simu ya mamilioni, anayefika kwa mshonaji na kumwambia, "Mbona dukani ni rahisi?"

Basi ifanywe hesabu mbele yake. Ichukuliwe kofia ya siku sitini, saa tatu kila siku baada ya kupika, kufua na kulaza watoto. Hizo ni saa 180. Mnunuzi akitoa shilingi 90,000 na kudhani amefanya ukarimu, amelipa shilingi 500 kwa saa, kabla ya kutolewa gharama ya kitambaa na nyuzi. Kwa fedha hiyo mnywaji wa kahawa barazani hafiki mbali. Halafu huandikwa makala kwamba vijana ni wavivu, hawataki kurithi kazi za wazee wao! Kijana anayeikataa saa ya shilingi 500 anajua hesabu.

Nchini Uturuki tarbushi iliondolewa vichwani kwa sheria ya mwaka 1925. Anayeililia anajua pa kuelekeza kilio chake. Kofia ya viua haikupigwa marufuku na dola yoyote. Kinyume chake, ilivuka bahari na kupata heshima. Huko Oman huitwa kumma, nayo ni sehemu ya vazi la taifa, na wengi waliohamia huko kutoka Unguja na Pemba baada ya mwaka 1964, na tena baada ya mwaka 1970, walikwenda nayo kichwani na ushoni wake mikononi. Waomani hawana kosa. Walichokipenda walikivaa na kukishona. Aibu ni ya muuzaji wa Darajani au Kariakoo anayeitangaza kazi ya Lamu, ya Ngazija na ya Unguja kwa jina la "kofia ya Kiomani" ili ipande bei, kana kwamba jina la nyumbani lina harufu mbaya. Watu wa Ekwado wanaijua hadithi hii. Kofia zao za ukili wa toquilla dunia iliziita "Panama", kwa jina la bandari zilikopitia, na mpaka leo huitwa hivyo, ingawa UNESCO iliuorodhesha ususi wake kuwa urithi wa Ekwado mwaka 2012.

Liko jambo jingine, dogo kwa sura, ambalo halihitaji kikao wala mfadhili. Kofia ya mkono inaweza kutengenezwa ikichakaa. Jasho la paji la uso huanza kuula ukingo wa chini, na baadhi ya viua hulegea. Duara la juu mara nyingi hubaki zima. Mshonaji huweza kuushonea ukingo upya, kuvikaza viua vilivyolegea, hata kuubadili ukanda mzima. Lakini nani anayepeleka? Kofia ya marehemu babu hutiwa dawa kali ya madoa, ikakamuliwa kama tambara la kudekia, ikaanikwa kwenye kamba kwa kibanio, na ikisinyaa husemwa kuwa imezeeka. Zamani ilifuliwa kwa sabuni na vidole, ikatiwa wanga, ikavishwa faroma ili ikauke kwa umbo lake. Waulizwe vijana kumi leo faroma ni nini. Kigogo cha mti kimetoweka majumbani, na neno limekifuata, na hata katika tungo za wanaojivunia msamiati wa kale halionekani.

Kwa hiyo kila aliye na kofia kuukuu ndani ya kasha, badala ya kuitungia beti za huzuni, aitoe, aikung'ute, aipeleke kwa fundi aliye hai kabla ya mfungo haujaandama, kwani mwezi wa Ramadhani kazi humzidi. Aulize itachukua siku ngapi. Na akitajiwa bei, alipe nusu pale pale.