Zege Nalo ni Shahidi

Wapo wasemao kwamba turathi ni milango ya nakshi na misikiti ya kale tu, na kwamba ukuta wa zege uliojengwa vitani ni taka ya kubomolewa. Sisi twawapinga, na hoja yetu twaitoa katika visiwa vidogo kama vyetu.

Visiwa vya Channel, vilivyo karibu na Ufaransa lakini chini ya taji la Uingereza, vilikaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1940 hata Mei 1945. Oktoba 1941 Hitler aliamuru vigeuzwe ngome. Pwani ikajaa mahandaki, minara ya kupimia masafa na kuta za kuzuilia vifaru. Baada ya vita, katika kisiwa cha Jersey, mizinga ilitupwa majabalini ikaangukia ufukweni. Ghadhabu ile twaifahamu. Lakini baadaye raia wenyewe walifanya jumuiya, wakayafukua na kuyasafisha maboma yale, na baadhi ya mizinga ikapandishwa tena juu. Leo maboma mengi yanalindwa kwa sheria.

Walinda nini? Si fahari ya Hitler, hasha. Sisi tuuzao saruji twajua kwamba mfuko haujichukui wenyewe. Waliouchukua ni Warusi, Waukraine, Wahispania, Wayahudi, hata ndugu zetu wa Afrika ya Kaskazini, wengi wao wakifanyishwa kazi kwa nguvu. Katika kisiwa jirani cha Alderney, ambacho wenyeji wake karibu wote walikuwa wamekwisha hamishwa, ripoti iliyotolewa Uingereza Mei 2024 ilikadiria kuwa waliokufa ni baina ya 641 na 1,027. Miaka 79 baada ya vita ndipo hesabu hiyo ikatoka! Lau zege lile lingalivunjwa lote, nani angaliuliza?

Tena sheria peke yake haishiki ukuta. Mji Mkongwe wetu uliingizwa katika Urathi wa Dunia mwaka 2000, na juu ya hayo sehemu ya Beit-el-Ajaib iliporomoka 25 Disemba 2020, roho za watu zikapotea.

Basi twaomba kila tawi la chama, Unguja na Pemba, liandike majengo ya zamani ya mtaa wake, hali yake, na majina ya waliochukua mawe na chokaa kama wazee wangali wanayakumbuka. Wajumbe wetu wayapeleke Barazani, wadai fungu la fedha la kuyatengeneza, na hesabu yake isomwe hadharani.