Amani ya Wajir ilianzia sokoni, yetu tunaitafuta ofisini



Natoa dukuduku langu kuhusu kamati za usuluhishi baina ya wakulima na wafugaji, ambazo huku vijijini huundwa kila panapotokea ugomvi na kusahauliwa kabla ya mavuno yanayofuata. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Mkoa wa Morogoro, na jambo ninalolisema naliona kila siku kuanzia darasani hadi gulioni.

Lakini kwanza niwaombe wasomaji twende wote mpaka Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, maana huko ndiko alikozaliwa mwaka 1964 mama mmoja aitwaye Dekha Ibrahim Abdi, ambaye nasikitika kwamba wananchi wengi wa nchi yetu hawajapata kulisikia jina lake. Wajir ni nchi kavu ya wafugaji wa Kisomali, na Dekha alizaliwa wakati sehemu hizo zinatawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, ambazo ziliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwezi wa Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo mmoja katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, na mamia yao wakauawa. Basi watu wa huko walikuwa wamekwisha zoea kwamba amani ni jambo la kuletewa na wakubwa, na kwamba wakubwa hawaileti.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, silaha zikavuka mpaka kwa bei nafuu, ukame ukaua mifugo, na uchaguzi wa 1992 ukazidisha uhasama wa koo. Watu wa koo za Ajuran, Degodia na Ogaden wakawa wanauana na kunyang'anyana ngamia. Dekha mwenyewe alipata kusimulia jinsi alivyojificha chini ya kitanda usiku pamoja na mtoto wake mchanga, risasi zikilia nje. Kulipokucha mama yake mzazi akamkumbusha kwamba yeye Dekha naye alipokuwa mchanga alifichwa vivyo hivyo, akamwambia kuwa anatumaini mjukuu huyo hatakuja kulala chini ya kitanda na mwanawe.

Sasa ndugu wasomaji, tazameni walikoanzia. Hawakwenda ofisini kuomba kikao. Walianzia sokoni. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika kwa koo, mwanamke wa ukoo huu akakataa kumwuzia mwanamke wa ukoo ule, wengine wakazuiwa hata kuingia. Dekha na wenzake wachache waliosoma wakakaa na wauzaji wenyewe, wakakubaliana kwamba mwanamke yeyote, awe wa ukoo gani, aingie sokoni, auze na kununua bila kubughudhiwa. Wakaweka waangalizi wa kutazama yanayotendeka kila siku, na kamati ya kupokea malalamiko na kuyamaliza pale pale. Ndicho chama cha akina mama wa Wajir cha amani kilivyoanza.

Lililonivutia zaidi ni kwamba akina mama hao hawakujifanya malaika. Walikiri kwamba wao wenyewe walikuwa wakichangia vita, kwa maneno ya kuwachochea wanaume na kwa kuwabagua wenzao sokoni. Nalisema hili kwa sababu kila ninapotaja wanawake katika mambo ya usuluhishi huwa najibiwa kwamba wanawake ndio wachochezi. Haya, na iwe hivyo. Aliyeshika kiberiti si ndiye wa kwanza kuombwa akiweke chini?

Baada ya soko kutulia waliwaendea wazee. Hapo walitumia busara kubwa, kwani waliwaomba wazee wa koo ndogo zisizokuwa na ugomvi wawe wasuluhishi, na mwaka 1993 wazee wa koo zilizokuwa zikipigana wakakubaliana juu ya utaratibu wa kuishi pamoja, mapatano yanayojulikana kwa jina la Al-Fatah. Vijana wakaingizwa, mashehe pia. Mwaka 1995 kazi yao yote ikaingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, ikawa kamati inayotambuliwa na serikali. Ikisikika kwamba ngamia wameibwa au mtu ameuawa, kikundi chenye wazee, akina mama, vijana, watu wa dini na maofisa wa usalama kinakwenda huko haraka kabla hasira haijasambaa. Kamati za amani za wilaya zilizoenea baadaye katika sehemu nyingine za Kenya zilichukua mfano huo.

Mama huyo alipewa tuzo ya Right Livelihood ya Sweden mwaka 2007. Miezi michache tu baadaye Kenya ikawaka kwa ghasia za uchaguzi, naye akawa miongoni mwa raia wachache, wakiwemo majenerali wastaafu, walioanzisha umoja wa wananchi wa kutafuta amani mjini Nairobi. Alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya gari.

Nirudi kwetu. Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kwenda Wajir kujua uhasama unafika wapi. Desemba 2000, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwa sababu ya ugomvi wa wakulima na wafugaji. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao.

Katika kijiji ninachofundisha, ng'ombe waliingia katika mashamba ya mpunga msimu uliopita. Hakuuawa mtu, tunashukuru. Lakini siku ya gulio iliyofuata akina mama wa kifugaji walioleta maziwa walifukuzwa, vibuyu vyao vikapigwa mateke, wakarudi nyumbani na maziwa yao yamemwagika. Wiki ile ile watoto wa darasa la nne wakakataa kukaa dawati moja na watoto wa wafugaji. Niliwauliza nani kawaambia wafanye hivyo. Walinyamaza, kisha mmoja akasema mama.

Kamati ya usuluhishi iliundwa. Wajumbe 11, wote wanaume. Walikaa siku mbili, wakala wali, wakapanga fidia ya mpunga, wakapeana mikono na kupiga picha. Fidia ililipwa, sikatai. Ila gulioni maziwa hayajarudi hadi leo ninapoandika, na dawati lile bado linakaliwa na watoto wa upande mmoja. Nilipomwuliza mjumbe mmoja kwa nini hakuna hata mama mmoja katika kamati, alinijibu kwamba walikuwepo, ndio waliopika.

Hii si barua ya kutetea wanawake kwa kuwa ni mwezi wa Machi na kuna vitenge vya sare. Mimi ni mwanamume, na napenda wali kama wajumbe wale. Ninachosema ni kwamba waliofukuzana gulioni ni akina mama, wanaowaambia watoto wakae wapi ni akina mama, na mahali walipogombania ni gulio. Kisha tunawakalisha wanaume ofisini wapatanishe ng'ombe na mpunga. Ugomvi wa gulioni nani atauamua?

Tena sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Kama sheria imeona hivyo kwa baraza la ardhi, sioni sababu kamati inayozungumzia ardhi ile ile, malisho yale yale na mazao yale yale iwe ya wanaume peke yao kwa kisingizio kwamba ni ya dharura.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa viongozi wanaohusika. Kwanza, katika mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, majina ya wajumbe wa kamati yasomwe mbele ya wananchi, na nafasi za akina mama wa pande zote mbili, wakulima na wafugaji, zijazwe siku hiyo hiyo. Pili, kikao chao cha kwanza kifanyike gulioni, siku ya gulio, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na wenye vibuyu vya maziwa waalikwe waje navyo. Mimi nipo tayari kuandika muhtasari bila malipo, na darasa la nne nitalileta likae kwenye nyasi lisikilize.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Morogoro.