Kienyeji si Duni

Tangu mwaka 1935 Ufaransa imekuwa na chombo cha kulinda majina ya divai kwa mujibu wa mahali zabibu zilikolimwa. Jina la kijiji likawa sifa, tena sifa ya bei. Kwetu mambo ni kinyume. Neno "kienyeji" latokana na "mwenyeji", yaani mwenye mji, lakini aghalabu sisi wasomi hulitamka kana kwamba ni kisawe cha "duni". Soko la Bungoma halikubaliani nasi: kuku wa kienyeji huuzwa ghali kuliko wa gredi. Kando yake kuna saga, sucha na mrenda, mboga za kuliwa kwa ugali wa wimbi, ambazo mgeni wa Kitale hukosa kuziuliza kwa kuwa ameshazoea chipsi.

Na divai ya huku? Ni busaa. Unga wa mahindi huchachishwa, ukakaangwa, ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Hata hivyo hutajwa pamoja na chang'aa, ambayo hukenekwa, chini ya jina moja: "pombe haramu".

Sheria ya mwaka 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, na Katiba ya mwaka uo huo ikazipa kaunti mamlaka ya leseni za pombe. Basi mama anayelipa karo kwa chungu cha busaa akaguliwe usafi, apewe leseni, asikimbizwe usiku. Mabunge ya Bungoma na Trans Nzoia yaanzie hapo.