Mamba Hatumwi na Mtu

Huku Magara, Burundi, mtu akichukuliwa na mamba, watu hawaulizi marehemu alikuwa akifanya nini majini. Wanauliza: nani kamtuma? Maiti haijapatikana, jina limeshatajwa, na mara nyingi ni la ajuza mjane asiye na wa kumtetea. Imani hiyo ya mamba wa kutumwa na mchawi ni uongo, tena wenye madhara kuliko mamba mwenyewe.

Tumchukue Gustave, maana ndiye ushahidi wao mkubwa. Mamba huyo, aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi, alisifika kutoka Rusizi hadi Minago. Anahesabiwa vifo hadi 300, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuihakiki. Risasi zilimwachia makovu tu. Alitegewa tundu la chuma la mita 9 hivi, hakuingia. Mwishowe mbuzi wa chambo akatoweka. Watu wakasema: mmeona, ana dawa huyo, tena ana miaka mia. Hata Faye aliwahi kumdhania miaka hiyo, mpaka alipoona meno yake karibu yote yapo. Mamba wa miaka mia angekuwa karibu kibogoyo.

Dawa yake ni sisi. Tunateremka mahali palepale, saa ileile, kuoga, kufua na kuchota maji. Mamba huvizia penye mazoea.

Wala ushirikina huu si wa wasiosoma. Huko Safed, karne ya 16, Isaac Luria, mwalimu wa Kabbala ya Kiyahudi, alifundisha kwamba nguvu za uovu ni maganda yasiyo na uhai wake yenyewe, yanaishi kwa cheche za nuru zilizonaswa ndani yake. Waliounda chama cha siri cha Golden Dawn mjini London mwaka 1888, watu wenye elimu zao, wakayapanga maganda hayo kama majeshi ya mashetani yenye majina na vyeo. Wao angalau waliishia kwenye vitabu na majoho. Kwetu jina likitajwa, damu inamwagika. Na Usukumani, ng'ambo ya mpaka huko Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni.

Na huyo mchawi mwenye mamba wa kutuma, mbona hana hata mtumbwi? Mwaka 2008 watu wenye ualbino waliuawa Ruyigi kwa ajili ya viungo vyao. Kesi ilipofunguliwa, kizimbani hawakusimama majini. Walisimama binadamu waliotaka pesa.

Kila mara tunapomsaka mchawi, anayestahili kuulizwa habari za bomba la maji tusilonalo analala usingizi wake. Kipindupindu nacho hutoka katika maji hayohayo tunayochota.

Tudai mabomba, na pale yasipofika tuzungushie uzio wa miti sehemu za kuchotea maji. Na wewe unayemjua aliyemtuma mamba, nenda kwa mwendesha mashtaka na ushahidi wako, uandike jina lako kwanza kabla ya lake.