Maarifa Yasifungwe Ndani ya Diski

Wahenga walilonga kwamba akiba haiozi. Usemi huu una uzito hata katika enzi ya tarakilishi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kwa takriban miongo miwili, kamusi, ensaiklopidia na programu za kufundishia lugha ziliuzwa katika diski za CD. Aghalabu programu hizo hazikukubali kufanya kazi pasipo diski yenyewe kuwemo ndani ya kiendeshi. Msomi aliyetaka kusafiri na maktaba yake alilazimika kubeba kipakatalishi pamoja na mkoba wa diski, na mkwaruzo mmoja ulitosha kumpokonya alichokinunua kwa fedha zake. Je, ni haki mnunuzi halali kuwa mtumwa wa kisahani cha plastiki? La hasha! Anastahili kuiweka diski asili kabatini na kuiendesha programu yake kutoka kwenye nakala.

Njia ya kufanya hivyo si ya kimiujiza. Programu maalumu husoma data zote za diski, sehemu baada ya sehemu, na kuzihifadhi katika faili moja iitwayo taswira ya diski. CD ya kawaida hubeba megabaiti 700 hivi. Kwa hiyo taswira za diski kumi ni kama gigabaiti 7, kiasi kinachotoshea katika flashi moja ndogo. Kisha kiendeshi pepe, ambacho ni programu tu wala si chombo cha kushikika, huifungua faili hiyo, na tarakilishi huiona kana kwamba diski imetiwa. Mfumo wa Windows ulipata uwezo huu bila programu ya ziada katika toleo la 8 la mwaka 2012. Faida yake ni dhahiri, kwani vipakatalishi vingi vya leo havina kiendeshi cha diski kamwe.

Wapo watakaodai kwamba kunakili ni kufungulia uharamia mlango. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijitoshelezi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamruhusu mwenye programu kihalali kutengeneza nakala ya akiba, na inamtaka aiharibu pindi umiliki wake unapokoma kuwa halali. Basi kuna tofauti kubwa baina ya mhadhiri anayejiwekea akiba na mchuuzi anayeuza nakala mia moja mtaani. Anayewatia wote wawili katika kapu moja anamwadhibu mwaminifu kwa kosa la mwizi.

Tatizo ni kwamba sheria iyo hiyo inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi. Haki ya akiba inatolewa kwa mkono mmoja, na mchapishaji anaachiwa nafasi ya kuipokonya kwa mkono wa pili. Isitoshe, kufuli zenyewe hazidumu. Windows 10 ilipotolewa mwaka 2015, haikukubali tena kinga za SafeDisc na SecuROM. Hivyo programu nyingi zilizotegemea kinga hizo ziligoma hata kwa wale waliokuwa na diski asili mkononi. Kufuli iliyowekwa kumzuia mwizi ikamfungia nje mwenye nyumba!

Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford inatoa funzo zuri. Toleo lake la pili, lililochapishwa mwaka 1989 katika majuzuu 20, liliingizwa katika CD mwaka 1992. Kwa miaka mingi mtumiaji alihitaji diski ili kuisoma. Mwaka 2007 wachapishaji waliruhusu kamusi yote iwekwe katika diski kuu ya tarakilishi, na toleo la mwaka 2009 likawa linaendeshwa kutoka huko pekee. Kamusi hiyo haikuangamia kwa sababu hiyo. Karibu zaidi na nyumbani, Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam, ilikuja na leseni inayomruhusu kila mtu kuinakili na kuigawa.

Ni wajibu, basi, wa idara za Kiswahili na maktaba kuzikagua diski zilizolala katika makabati yao kabla hazijabanduka na kunyamaza. Kila diski isiyo na kufuli itengenezewe taswira, ipewe jina linaloeleweka, na diski asili itunzwe pamoja na stakabadhi ya ununuzi. Penye kufuli, mchapishaji aandikiwe na kuombwa ruhusa. Nao wanaotunga kamusi na programu za Kiswahili wasirudie kosa la kuifungia lugha ndani ya chombo kinachochakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na diski ikishaharibika, hata huo ukuta hauna wa kuujenga.