Virusi vya Kompyuta: Mlango Tunaufungua Wenyewe



Ndugu wanafunzi wenzangu, wadogo kwa wakubwa, kila mwaka kurasa za jarida letu hujaa nasaha juu ya masomo, adabu na kumbukumbu za walimu wetu. Mwaka huu nimeomba nafasi ndogo nizungumzie chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za wanafunzi wa madrasa hii, nacho ni kompyuta. Sikusudii kuisifu wala kuilaani. Nakusudia kusema jambo moja ambalo naliamini na ambalo limetugharimu nyumbani kwetu: virusi haviingii kwa bahati mbaya kama mvua inavyovuja kwenye paa. Mara nyingi mlango tunaufungua wenyewe kwa mikono yetu.

Nianze na kisa. Mwaka 2019 nyumbani kwetu palikuwa na kompyuta moja tu, imewekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa. Baba akiandikia hesabu za duka, sisi watoto tukifanyia kazi za skuli, na mama alikuwa amehifadhi humo sauti za bibi yetu mzaa mama, Allah amrehemu. Bibi alikuwa hodari wa kusimulia. Mama alimrekodi kwa simu jioni nyingi, akitaja ukoo wetu mtu mmoja mmoja, nani alitoka wapi na nani alimwoa nani, pamoja na hadithi alizosimuliwa yeye utotoni. Simu ilipokaribia kuharibika, mama alizihamishia sauti hizo kwenye kompyuta, akaona sasa ziko salama.

Mwezi wa Disemba mdogo wangu, akiwa na miaka 15, alitaka kutengeneza video ya harusi ya binamu yetu. Programu aliyoitaka inauzwa ghali, basi akatafuta ile iliyovunjwa kufuli, inayogaiwa bure. Ukurasa alioupata ulimwelekeza kwanza azime kinga ya virusi, kwa madai kwamba kinga hiyo "inakosea". Akaizima. Akaifungua ile programu, haikufanya kazi. Badala yake likatokea dirisha lenye sura ya masasisho ya Windows, likimtaka asubiri. Akasubiri. Kumbe nyuma ya dirisha lile kirusi kilikuwa kinapita faili moja baada ya jingine na kulifunga kwa maandishi ya siri. Kilipomaliza, picha, hesabu na sauti zote zilikuwa zimeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa majina yao, na hakuna hata moja iliyofunguka. Paliachwa barua fupi: lipeni dola 980 mpate ufunguo, au dola 490 mkiwasiliana nasi ndani ya saa 72.

Fundi alitwambia kirusi hicho kinajulikana kwa jina la STOP, na wengine hukiita Djvu, na kwamba shabaha yake si mabenki wala serikali, bali ni watu wa nyumbani kama sisi. Oktoba ya mwaka huohuo kampuni ya Emsisoft ilikuwa imetoa programu ya bure inayofungua aina nyingi za kirusi hicho. Yetu ilikuwa ya aina mpya zaidi, ambayo ufunguo wake hubaki kwa wezi peke yao. Hatukulipa. Baba alisema kumlipa mwizi ni kumnunulia ngazi ya kupandia nyumba ya jirani, tena hakuna dhamana kwamba mwizi atatimiza ahadi. Katika sauti zote za bibi tulizipata tatu tu, kwa kuwa mama aliwahi kumtumia shangazi kwa simu.

Sasa tujiulize: kirusi ni nini hasa? Ni programu kama programu nyingine, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu kwa makusudi. Hakizuki kwa vumbi wala kwa joto. Kipo cha kuharibu au kufunga faili, na kipo cha kujisambaza tu. Iko pia jamaa yake, programu ya upelelezi, ambayo haiharibu kitu na ndiyo maana hatuishtukii. Hiyo hukaa kimya, hunakili kila herufi unayoipiga, huchukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta na kuyapeleka kwa aliyeituma. Nyumba iliyovunjwa mlango unaiona asubuhi. Nyumba yenye mtu aliyejificha uvunguni unalala nayo.

Historia nayo inafunza. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitengeneza kirusi kiitwacho Brain, ambacho kilisafiri kwa diski laini zilizokuwa zikipeanwa mkono kwa mkono. Mwezi wa Mei mwaka 2000 kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kwa siku chache kikiwa kiambatisho cha barua pepe, na kichwa cha barua kikidai kuwa ni barua ya mapenzi. Aliyeifungua alipoteza picha zake, na barua hiyohiyo ikatumwa kwa watu wote waliokuwa katika orodha yake ya anwani. Kijana aliyekitunga alikiri baadaye kuwa alikuwa anatafuta maneno ya siri ya watu ili apate intaneti bila ya kulipa. Tazameni: mara ya kwanza mlango ulikuwa mkono wa rafiki, mara ya pili udadisi wa moyo. Kompyuta zimebadilika sana tangu hapo, lakini milango hiyo miwili bado iko wazi.

Najua watakaonijibu kwamba sisi watu wa kawaida hatuna cha kuibiwa. Kauli hii naisikia sana, na siikubali. Anwani ya barua pepe ndiyo inayofungulia akaunti nyingine zote, hata ile ya kuombea nafasi ya chuo. Mwenye neno lako la siri anaweza kuwaandikia jamaa zako kwa jina lako na kuwaomba fedha. Hesabu za duka ni riziki ya nyumba. Na sauti ya bibi, je? Mwizi hana haja nayo hata kidogo, lakini anajua kuwa wewe una haja nayo, na hiyo ndiyo bei anayokutoza.

Wapo pia wanaosema: programu ni ghali, sisi hatuna uwezo, tufanye nini kama si kuchukua zilizovunjwa? Hoja hii ina uzito na sitaidharau, kwa sababu dola kadhaa kwa mwezi si kitu kidogo kwa nyumba zetu. Lakini tutafakari. Mtu amekaa usiku akavunja kufuli ya mali ya mwenzake, kisha anakugaia wewe usiyemjua, na sharti lake ni kwamba umfukuze mlinzi kwanza. Kweli huyo ni mfadhili? Wakati vipo vitu vya halali visivyotaka hata senti. LibreOffice inaandika barua na kufanya hesabu. GIMP inatengeneza picha. Kdenlive na Shotcut zinakata na kuunga video za harusi vizuri kabisa. Hata mfumo mzima wa kompyuta unaweza kuwa Linux, ambao ni bure na ni wa halali. Mdogo wangu leo anatumia Kdenlive, na watu wa harusi hawajui tofauti. Tatizo letu si umasikini tu. Tumezoea jina fulani la programu, tukaona aibu kutumia jingine.

Mlango wa pili ni flashi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na flashi hatuiweki pengine ila mfukoni. Asubuhi iko skuli, mchana iko kwenye duka la kuchapisha karatasi, jioni iko nyumbani. Wengi wenu mmeona folda zenu zikigeuka vijialama vyenye mshale mdogo. Hapo folda za kweli zimefichwa, na kile unachokibofya ni agizo la kukiamsha kirusi ndipo folda ifunguke usishuku kitu. Rai yangu ni hii: anayejua kuwa flashi yake ina maradhi kisha akamwazima mwenzake bila ya kumwambia amemkosea, sawasawa na anayempa mwenzake maji ya kisima anachojua ni kichafu. Flashi ya mtu ni amana, na kompyuta ya mtu ni amana kubwa zaidi. Ichunguze kwa kinga ya virusi kabla ya kuifungua, na usione haya kumwambia rafiki: subiri kwanza niikague.

Mlango wa tatu ni uvivu wa masasisho. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo bila ya mtu kubofya chochote, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo tayari kwa karibu miezi miwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Najua kifurushi cha intaneti ni fedha, lakini masasisho ya usalama yasiwe ya mwisho katika orodha baada ya filamu na mipira. Na kwa wale ambao kompyuta zao bado ni za Windows 7 au 8, au ni za Windows 10 ambayo ulinzi wake wa kawaida ulikoma Oktoba 2025, zungumzeni na fundi mwaminifu juu ya kuhamia toleo jipya au Linux.

Ama kinga ya virusi, wengi hudhani ndiyo mwanzo na mwisho wa ulinzi. Windows za tangu mwaka 2012 zinakuja na kinga yao ndani, nayo inatosha kwa nyumba nyingi, maadamu haizimwi. Usiweke mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, kwani huzuiana na kuichosha kompyuta. Na dirisha likitokea ghafla mtandaoni likipiga kelele kuwa una virusi mia, bofya hapa usafishiwe, lifunge. Huyo ni mwizi aliyevaa kanzu ya mlinzi. Kinga ni bawabu mzuri, lakini bawabu hawezi kumzuia mgeni ambaye mwenye nyumba mwenyewe amemshika mkono na kumwingiza kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo liko jambo moja ambalo lau tungelifanya, msiba wetu ungekuwa usumbufu wa siku mbili tu: nakala ya akiba. Kitu usichotaka kukipoteza kisiwe mahali pamoja. Weka nakala moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje ambayo huchomolewa na kuwekwa kabatini, na ya tatu nje ya nyumba kabisa, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski inayoachwa imechomekwa mchana na usiku si akiba, maana kirusi kikiingia hupita nayo. Chagueni siku moja katika kila mwezi iwe siku ya nakala, kama vile nyumba zilivyo na siku ya kufua.

Mwisho, ninayo maneno kwa wazazi na walimu wetu, kwa heshima zote. Mdogo wangu alishuku kuwa mambo si mazuri wakati lile dirisha lilipokuwa bado linazunguka. Hakusema, kwa kuogopa kupigwa. Alinyamaza hadi usiku. Lau angelikimbia kumwita mtu, na kompyuta ikazimwa palepale, huenda nusu ya faili zetu ingesalimika. Mimi naamini khofu ya mtoto ilitugharimu kuliko programu yenyewe. Basi nawaomba: mtoto akija na kusema nimebofya kitu kibaya, mshukuruni kwanza, zimeni kompyuta na kuitoa kwenye intaneti, muiteni fundi, na nasaha zije baadaye. Kisha badilisheni maneno ya siri kwa kutumia chombo kingine kilicho salama. Nao uongozi wa madrasa nauomba kompyuta ile ya ofisini itengwe saa moja kila wiki kwa kukagua flashi za wanafunzi. Mimi niko tayari kusimamia kazi hiyo bila malipo.

Na kwenu ninyi vijana wenye vipaji, mnaoanza kujifunza kuandika programu: elimu hiyo ni nzuri, iendelezeni. Lakini msijaribu kutunga virusi kwa mzaha. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya inayo yake ya mwaka 2018, wala sheria hizo hazijui mzaha. Zaidi ya sheria, kumbukeni kuwa upande wa pili wa kirusi chenu yupo mama anayezitafuta sauti za mzazi wake.

Zile sauti tatu za bibi leo ziko mahali panne. Katika moja anataja majina ya watu saba wa ukoo wetu, kisha anasema yaliyobaki atayasimulia kesho. Ya kesho yake tulikuwa nayo, tukaipoteza. Nanyi mlio na bibi na babu walio hai, warekodini, kisha mhifadhi nakala.