Ufundi si mtumbwi wa kukimbilia Idjwi

Siku hizi hapa Bulengera kuna maneno yanayozunguka kuliko noti chakavu ya franga mia tano. Yanasemwa kwenye foleni ya maji, baada ya mazoezi ya kwaya, na hata mwisho wa mafunzo wakati wa kugawa vyeti: "Wewe sasa ni fundi. Beba vyombo vyako, nenda kisiwani. Idjwi hakuna risasi. Utatengeneza meza mbili tatu kwa mwezi, utapanda nanasi, utakula samaki, utaishi maisha rahisi." Kijana ambaye analala kwenye sebule ya shangazi yake tangu alipokimbia anasikia hayo, na macho yanamwaka.

Nieleweke mapema. Sina neno na mtu anayekimbia. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, kuna familia zilizohama mara tatu, mara nne: kutoka kijijini hadi Oicha, kutoka Oicha hadi Beni, kutoka Beni hadi kwetu. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga ilipoanguka, wakaja na wengine kutoka kusini mwa Lubero. Mtu wa namna hiyo akiamka usiku akafunga mzigo wake, hakuna wa kumwuliza. Ninaogombana nao ni wahubiri wa kisiwa, walioketi kwenye nyumba zao za matofali hapa mjini, wakimwonyesha mwenzao ziwa.

Tuanze na kisiwa chenyewe. Idjwi ni teritwari ya Kivu ya Kusini, katikati ya ziwa Kivu, na ina sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi vita vikubwa vilivyoiwasha nchi yetu vilikipita kisiwa hicho kando. Hilo silikatai. Ila si sisi wa kwanza kuliona. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka maji kwenda huko. Leo wanaishi hapo watu mamia ya maelfu, wanategemea muhogo, maharagwe, ndizi, nanasi na kahawa, na mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa kama vitambaa vya kufutia meza. Bambuti wa Idjwi, waliokuwa na msitu wao humo tangu zamani, walitolewa msituni, na wengi wao mpaka sasa hawana ardhi ya kulima. Sasa wewe Mnande uliyetoka Butembo juzi, usiyejua neno la Kihavu, utapewa kilima na nani?

Na kahawa ya Idjwi ina habari yake. Wakulima walipokosa bei nzuri kwetu Kongo, waliipakia usiku kwenye mitumbwi wakaivusha Rwanda kwa magendo. Wengi walizama. Wameacha wajane kisiwa kizima. Hao ni wenyeji, waliozaliwa ukingoni mwa ziwa, wanaojua upepo unapogeuka. Kwa hiyo anayeniambia kwamba maisha ya kisiwani ni rahisi, namwomba akawaulize wajane hao kwanza.

Lakini hata tukiacha ardhi na upepo, kuna hesabu ambayo wahubiri hawaifanyi. Fundi anakula kwa mteja. Seremala wa Butembo anapata mikaratusi hapa karibu, libuyu inateremka kutoka upande wa Mambasa pale njia inaporuhusu, misumari iko dukani, vanishi iko dukani, na mwenye arusi anataka kitanda kabla ya Jumamosi. Mji huu unajengwa kila siku. Panda kilima chochote cha Bulengera uhesabu kuta mpya: kila ukuta unataka masoni, mlango, dirisha, bati, na mtu wa kuvuta waya wa umeme. Fundi wa kushona ana sare za shule kila Septemba, na vitenge kila sikukuu. Kisiwani msumari unafika kwa boti. Msumeno ukivunjika meno, mwingine unasubiri boti. Jirani ana fundi wake tangu utotoni, na akikuletea kazi wewe mgeni, huenda akakulipa debe la muhogo. Debe la muhogo ni chakula, sikatai, lakini halilipi shule ya mtoto wala dawa.

Na soko la kisiwa hicho ni wapi? Ni Goma na Bukavu. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Mabenki ya Goma yakafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Huko ndiko seremala wetu akauze meza zake! Hata kufika, kutoka hapa, ni ama kupenya mstari wa vita katika Lubero, ama kuzunguka kwa Kasindi, Uganda na Rwanda, kwa nauli na karatasi ambazo mtu aliyekimbia na sufuria moja hana. Kisha maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama watu wa bandari ya Kituku wakiiona kwa macho. Ilijazwa kupita kiasi, kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita na watu hawakuwa na njia nyingine. Makumi walikufa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujua kwamba maji si ukuta wa kuzuia bunduki. Tuna Kyavinyonge yetu kwenye ziwa Edouard. Ulizeni wavuvi wa hapo: mbele yao askari wa Uganda wanaowakamata kwa kuvuka mpaka usioonekana, nyuma yao watu wenye silaha wanaodai ushuru. Na kule ziwa Viktoria kuna kijisiwa cha Migingo, jiwe tupu, dogo kuliko uwanja wa mpira. Wavuvi walikwenda kutafuta sangara. Zikafuata nyumba za mabati zilizobanana kama meno, vilabu vya pombe, polisi, kodi, na ugomvi wa Kenya na Uganda kuhusu nani mwenye jiwe. Mahali penye samaki wa kuuza, mtoza ushuru hachelewi.

Najua picha hii ya kisiwa ilitoka wapi. Iko kwenye simu: Mzungu ameacha ofisi, anajua kuchonga mbao, amejenga kibanda chake ufukweni, anacheka. Vizuri. Ana akiba benki, ana pasipoti, akiugua anaitiwa ndege. Yeye anajaribu umaskini kama mtu anayejaribu koti dukani. Familia iliyokimbia Lubero ina maisha rahisi tayari: mkeka mmoja, bidoni moja, nguo ya kubadili moja. Kama urahisi ungekuwa dawa, makambi yangekuwa yamejaa watu wenye afya.

Sasa niseme kinachoniuma. Mahubiri haya ya kisiwa yanaufaa mji wetu. Fundi akishaambiwa aende Idjwi, hakuna anayelazimika kumpa nafasi hapa. Hakuna wa kuuliza kwa nini seremala aliyehama anafanya kazi ile ile, kwenye banda la mwingine, kwa nusu ya malipo, na nusu yenyewe inaahirishwa hadi wiki ijayo. Mwenye nyumba anadai garanti ya miezi sita kwa kibanda ambacho mvua inakiingia. Mtoza kodi ya soko hatofautishi duka la jumla na mama mwenye mashini moja ya kushona. Na wenye miradi? Wanafundisha ushonaji, kusuka nywele na sabuni, miezi mitatu, kila mwaka, kata ile ile, mpaka barabara moja ina mafundi wa kushona kuliko wavaaji. Picha inapigwa, cheti kinatolewa, gari linaondoka. Halafu tunashangaa vijana wanaota ziwa.

Kuna wanaouza vyombo walivyopewa ili walipie safari. Randa, mashini, vyote kwa nusu bei. Ukifuatilia nani anavinunua, unakuta mara nyingine ni yule yule aliyekuwa akisifu kisiwa.

Butembo inajisifu kwamba ilijijenga. Wafanyabiashara walichanga, barabara zikatengenezwa bila kungoja Kinshasa. Basi mji wenye sifa hiyo usiniambie haujui la kufanya na mafundi mia kadhaa. Kamati za wazazi zinaagiza madawati kila mwaka. Robo tu ya madawati hayo ikipewa maseremala waliohama, kwa mkataba ulioandikwa na malipo ya kwanza ya kununulia mbao, ni kazi ya miezi. Mwenye banda anayemtumia fundi mgeni amlipe Jumamosi, kwa pesa, si kwa ahadi. Likirimba za soko ziwapokee kwa neno la majirani wawili, kama zilivyowapokea babu zetu walipoteremka kutoka vijijini bila kitu. Na kodi ya meza ya soko, kwa aliyehama, ingoje miezi sita. Mji hautafilisika.

Ninyi mliohama, nanyi sikilizeni. Msiuze vyombo. Watatu wapangishe banda moja, garanti igawanywe kwa tatu. Kila anayechukua ushuru aandike risiti, na msimwogope anayekasirika akiombwa. Na yule aliyekuwa mtengeneza mitumbwi Kyavinyonge na anataka kurudi majini, aende kwa amani, huyo anajua anakokwenda. Wengine wote, ulizeni kwanza bei ya misumari kule, na ni nani wa mwisho kununua meza.

Mwenye shule anayehitaji madawati kabla ya Septemba, na asiyejua pa kuwapata mafundi hao, amwendee shefu wa avenyu yake. Anawajua wote: ndiye aliyewaandika kwenye daftari siku walipofika.